Nyumba Njema Si Mlango: Ni Nani Wanaohukumu Majengo na Mapambo Yake?

Wahenga wetu walinena kwamba nyumba njema si mlango, ingia ndani. Waliyanena hayo katika miji ambayo mlango wenyewe ulikuwa fahari ya mtaa: miimo iliyochongwa nakshi, mfaa katikati, na juu ya kizingiti maandishi ya kumtaja Mola. Na juu ya uzuri wote huo, bado wakatuonya tusiihukumu nyumba tukiwa tumesimama barazani.

Onyo hilo lafaa lisomwe upya siku hizi, ambapo mashindano ya usanifu wa majengo na ya mapambo ya ndani yamekuwa mengi. Twaonyeshwa sebule iliyoshinda, makochi yake, mapazia yake na taa zake. Jina la mshindi twalisoma kwa herufi kubwa. Majina ya waliompa ushindi aghalabu huandikwa chini kwa herufi ndogo, na kazi zao hazielezwi kabisa. Ni nani hawa? Wamesomea nini? Wamewahi kushika mwiko wa chokaa, au randa ya seremala? Wamepata kulala hata usiku mmoja katika nyumba ya namna hiyo wanayoihukumu? Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Ninalotaka kulisema leo, ndugu msomaji, ni jambo moja. Hukumu ya nyumba haiwezi kupita ujuzi wa mwenye kuihukumu. Macho huona kile ambacho mikono na maisha yameyafunza kuona. Kwa hivyo kabla hatujampigia mshindi makofi, na tuwatazame waamuzi.

KADHI NA FUNDI

Kwetu sisi Waislamu jambo hili si geni. Mwanafunzi wa fiqhi ajua kuwa kadhi ana masharti yake: awe na elimu, awe mwadilifu, asihukumu akiwa ameghadhibika, wala asiketi juu ya shauri lenye maslahi yake. Lakini wanavyuoni walikwenda mbele zaidi. Walitambua kwamba kadhi, hata akiwa bahari ya elimu, hawezi kuijua kila kazi ya dunia. Likija shauri la ukuta ulioinamia kwa jirani, au dirisha jipya linalochungulia uani kwa watu, kadhi huwaita ahlul-khibra, yaani wenye ujuzi wa jambo lile. Hao huenda, hutazama, hupima, kisha hurudi na kauli yao. Kadhi hutoa hukumu. Fundi humpa macho.

Mfano ulio wazi ni wa mji wa Tunis katika karne ya 14. Huko aliishi Ibn al-Rami, ambaye lakabu yake ilikuwa al-Banna, maana yake mwashi. Alikuwa mtu wa kujenga, na makadhi wa mji walikuwa wakimtuma akakague nyumba zenye ugomvi. Baadaye akaandika kitabu juu ya hukumu za majengo: kuta za ushirika, njia za maji, milango, moshi na madirisha. Kitabu hicho wataalamu wakisoma hadi leo, kwa kuwa ndani yake mna sauti mbili: sauti ya sheria kwa madhehebu ya Imamu Malik, na sauti ya mtu aliyeyashika mawe kwa mikono yake mwenyewe.

TUZO INAYOHUSU NYUMBA ZETU

Sasa tuitazame tuzo moja ya zama zetu, ambayo yafaa kuchunguzwa kwa sababu yahukumu majengo ya jamii za Waislamu: misikiti, nyumba, masoko, skuli na mahospitali. Ni Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu wa Majengo, iliyoanzishwa mwaka 1977 na marehemu Karim Aga Khan, Imamu wa Waismaili. Hutolewa kila baada ya miaka 3. Hapo mwanzo fungu lake lilikuwa dola 500,000 za Kimarekani. Siku hizi ni dola milioni 1, na hugawanywa baina ya miradi inayoshinda. Haitazami michoro ya karatasini. Hutazama majengo yaliyokwisha kujengwa na kutumiwa na watu.

Sherehe ya kwanza ilifanywa mwaka 1980 katika bustani za Shalimar, mjini Lahore, Pakistani. Majengo 15 yalitunukiwa, na mzee Hassan Fathy wa Misri, aliyeutetea udongo na kuba za mafundi wa Nubia, akapewa heshima ya peke yake. Lakini sisi leo twawatafuta walioketi joponi. Alikuwamo Kenzo Tange wa Japani, msanifu majengo aliyechora uwanja wa kumbukumbu ya amani huko Hiroshima. Alikuwamo Muzharul Islam, msanifu mkubwa wa Bangladesh, na Giancarlo De Carlo wa Italia. Hawa ni watu wa kuchora na kujenga, na mtu angeweza kudhani kuwa watosha.

Hawakutosheka na hao. Aliwekwa pia Doğan Kuban wa Istanbul, mwanahistoria wa majengo. Aliwekwa Titus Burckhardt, Mswisi aliyesilimu, akaishi Moroko, akatumia umri wake kuandika juu ya sanaa ya Kiislamu. Tena akawekwa Mahbub ul Haq wa Pakistani, ambaye hakuwa mchoraji wala mjenzi bali mtaalamu wa uchumi. Ndiye yule ambaye mwaka 1990 aliianzisha ripoti ya Umoja wa Mataifa ya kupima maendeleo ya binadamu.

Mtu wa uchumi ana kazi gani mbele ya kuba na nguzo? Kazi anayo. Msanifu akiliona jengo huuliza: limesimamaje? Mwanahistoria huuliza: limetoka wapi? Mtu wa uchumi huuliza: limegharimu nini, na maskini amepata nini? Mwaka huo huo wa 1980, miongoni mwa walioshinda ulikuwamo mpango wa kutengeneza vitongoji vya mafukara mjini Jakarta, Indonesia: vichochoro, mifereji na maji ya kunywa. Hakuna pambo la kupigia picha hapo. Jopo la wachoraji peke yao lingeweza kuupita mpango ule bila ya kugeuza shingo.

MSHAIRI ALIYEWAKASIRISHA WASANIFU

Mwaka 1983 sherehe ilifanywa Istanbul, katika kasri ya Topkapi. Joponi walikuwamo wasanifu wenye majina makubwa, kama vile James Stirling wa Uingereza, Charles Moore wa Marekani na Rifat Chadirji wa Iraki. Pamoja nao alikuwamo Mübeccel Kıray wa Uturuki, mwanamke ambaye taaluma yake ilikuwa elimu ya jamii.

Jopo hilo lilitoa hukumu mbili zilizosemwa sana. Ya kwanza ilikuwa ya msikiti mkubwa wa Niono, nchini Mali, uliojengwa kwa matofali ya udongo. Mwenye kuujenga, Lassiné Minta, alikuwa mwashi. Hakuwa na shahada ya chuo chochote cha usanifu. Alikuwa na mkono uliorithi kazi ya wazee wake.

Ya pili ilikuwa ya nyumba moja huko Akyaka, pwani ya kusini-magharibi ya Uturuki. Mwenyewe, Nail Çakırhan, alikuwa mshairi na mwandishi wa magazeti. Aliijenga nyumba yake pamoja na maseremala wa kwao, kwa mtindo wa zamani wa jimbo lile: dari za mbao zilizotengenezwa kwa ustadi, makabati yaliyozama ukutani, sebule pana ya kukutana watu, na vyumba pande mbili. Nyumba ile uzuri wake uko ndani. Iliposhinda, wasanifu wengi wa Uturuki walikasirika. Vipi, walisema, tuzo kubwa ya usanifu apewe mtu ambaye si msanifu, kwa nyumba inayofuata ya kale?

Malalamiko yao hayakuwa upuuzi. Mtu aliyesoma miaka mingi ana haki ya kuuliza elimu yake ina thamani gani. Lakini tazama ajabu yake: waliompa mshairi tuzo hawakuwa washairi. Wengi wao walikuwa wasanifu, tena wakubwa. Walikubali kwamba seremala wa kijijini amehifadhi jambo ambalo chuo kililisahau. Mwenye elimu ya kweli haoni haya kukiri kuwa elimu nyingine iko.

Mwaka 1986 mambo yalikuwa makali zaidi. Ulishinda msikiti wa Bhong, huko Punjabi ya Pakistani, uliojengwa kwa karibu miaka 50 na tajiri mmoja wa mashamba pamoja na mafundi wake, ukajaa vigae, vioo, dhahabu na nakshi za kila rangi. Kwa watu wa kawaida ni msikiti wa kupendeza kupita kiasi. Kwa waliosomea uzuri ulio mtulivu, ni kelele. Majaji wenyewe hawakuwa na kauli moja. Hilo si aibu. Jopo ambalo halikubishana huenda ikawa watu wote walisoma darasa moja.

SEREMALA, MWANAFALSAFA NA MTU WA GAZETI

Kadiri miaka ilivyopita, mlango wa jopo ulizidi kupanuka. Mwaka 2010 aliingia Souleymane Bachir Diagne, mwanafalsafa wa Senegali. Mwaka 2013 aliingia Shahzia Sikander, mzaliwa wa Lahore aliyejifunza uchoraji wa vijipicha vidogo vya kale, kazi ya brashi yenye ncha kama unywele. Pamoja naye aliketi Mahmood Mamdani, mtaalamu wa siasa, mtu wa Kampala, aliyefukuzwa Uganda mwaka 1972 pamoja na Wahindi wengine, kisha akafundisha Dar es Salaam. Mtu aliyewahi kuamriwa kuiacha nyumba yake kwa muda mfupi ajua neno la maana ya nyumba ambalo halimo katika vitabu vya usanifu. Mwaka 2016 alikuwamo Hameed Haroon wa Karachi, mtu wa magazeti.

Lakini mwenye wasifu unaonipendeza zaidi ni Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyekuwa jaji katika duru iliyoishia Muscat, Oman, mwaka 2022. Huyu alizaliwa katika kijiji cha Gando. Mwaka 1985 alikwenda Ujerumani kwa msaada wa masomo, na masomo yenyewe yalikuwa ya useremala. Baadaye ndipo alipoingia chuo kikuu mjini Berlin kusomea usanifu majengo, na kabla hajahitimu akawajengea watoto wa kijiji chake skuli ya matofali ya udongo, wanakijiji wenyewe wakiwa ndio vibarua. Skuli hiyo ikapata tuzo hii mwaka 2004. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Hapa Kenya amejenga chuo cha vijana kando ya Ziwa Turkana. Jaji wa namna hii akitazama mbao huijua tangu kwenye randa. Akitazama ukuta wa udongo ajua ni nani aliyebeba maji ya kuukandia.

Na katika duru ya 2025, iliyofungwa Bishkek nchini Kirgizia, Mkenya naye aliketi joponi: Kabage Karanja, msanifu wa Nairobi, ambaye pamoja na mwenzake Stella Mutegi wamejulikana kwa kuyachunguza na kuyachora mapango, likiwamo pango la Shimoni, ambalo historia yake ya utumwa watu wa pwani waijua. Jopo hilo lilikuwa pia na Yacouba Konaté wa Kodivaa, mwanafalsafa na mhakiki wa sanaa.

Kuna jambo jingine la kuigwa. Majaji hawa hawahukumu kwa picha na maneno ya mwenye jengo peke yake. Miradi iliyochujwa hupelekewa wachunguzi, watu wa fani, ambao husafiri hadi mahali penyewe, wakapima, wakazungumza na wanaolitumia jengo, kisha wakaja kuulizwa maswali na jopo. Hao ndio ahlul-khibra wa zama hizi. Mwashi wa Tunis angeielewa kazi yao bila ya kufasiriwa.

NA KWETU JE?

Baada ya kuzunguka Lahore, Istanbul na Muscat, na turudi nyumbani, maana swali lenyewe ni letu. Mpambaji wa ndani aliyesomea chuoni ana ujuzi wake, na si haki kuudharau. Ajua mwanga uingie wapi, rangi ipi huipanua sebule na ipi huibana, kiti kiwe na kimo gani, kitambaa gani hustahimili jua. Lakini tumweke mbele ya nyumba ya mawe ya Lamu, tuone.

Mtu huingia dakani, akafika tekani, na hapo njia hupinda. Mpambaji asiyejua atasema: ukuta huu wazuia mandhari, na uvunjwe. Aliyekulia mle atamwambia kuwa ukuta ule ndio sitara ya nyumba. Umewekwa ili jicho la mpita njia lisifike uani. Huvuka kiwandani penye hewa na jua, akapita misana, akafika ndani penye zidaka, safu za vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa, ambamo ziliwekwa sahani za Kichina na vitu vya heshima. Atauliza: mbona vyumba ni virefu na vyembamba hivi? Fundi atamjibu kuwa upana wa chumba hupimwa kwa boriti ya mkoko, na mkoko haukui kwa amri ya mchoraji.

Kubwa kuliko hayo ni ukuta. Ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Ukipakwa saruji, unyevu na chumvi hufungika ndani, na baada ya misimu michache plasta huanza kububujika na kubambuka, na jiwe lenyewe kula chumvi. Lakini katika picha, saruji mpya yang'aa kuliko chokaa kuukuu. Jaji wa picha ataipa saruji alama kumi. Jaji aliyepata kukoroga chokaa ataipa sufuri, na atakuwa ameiokoa nyumba. Na kila zawadi ni funzo: jirani akiona kilichoshinda, kesho ndicho atakachokifanya kwake. Hukumu moja mbovu yaweza kuubomoa mtaa mzima bila ya kuinua nyundo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sisemi kuwa mgeni hana jicho. Usam Ghaidan, msanifu kutoka Iraki, aliuchunguza mji wa Lamu kwa subira, na mwaka 1975 akatoa kitabu juu yake ambacho wenyeji wenyewe wamefaidika nacho. Mwaka 2001 mji ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Tofauti ni kwamba yeye aliuliza kabla ya kuhukumu.

Kwa hivyo nasema: yakitokea mashindano ya majengo au ya mapambo katika miji yetu, Lamu, Mombasa, Malindi au kwingineko, na tudai jopo lenye watu wa aina nne. Awemo msanifu au mpambaji aliyesomea. Awemo fundi wa chokaa au mchonga milango, aketi kitini kama wenziwe, asiitwe kuja kuchukua viti tu. Awemo mama wa nyumba, kwa kuwa ndani ni kwake. Humo huzaliwa watoto, humo huvishwa maharusi, humo hukaliwa matanga, na katika mila za Waamu nyumba zenyewe mabinti walipewa wakiolewa. Jopo lisilo na mwanamke huhukumu nusu ya nyumba. Na awemo mtu wa historia au elimu ya jamii, atakayeuliza nani amefaidika na nani ametolewa. Kisha wasifu wa kila mmoja utangazwe mapema, pamoja na jina la mwenye kuyagharimia mashindano. Muuza rangi akiwa ndiye mtoa zawadi, tena akaketi joponi kuchagua rangi iliyo bora, masharti ya kadhi tumeyakumbuka hapo juu.

Yuko atakayesema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli. Lakini sikusema wawe manahodha wanne. Nahodha na awe mmoja, mwenyekiti wa jopo. Walakini chombo hakifiki bandarini kwa nahodha peke yake. Kina wa kushika usukani, kina wa kupanda mlingotini, na kina wa kukumba maji. Nahodha asiyewasikiliza hao huenda akajua nyota zote za mbinguni na chombo kikamzamia kwa tundu lililo chini ya miguu yake.

Nawaachia ubeti mmoja, ili ukae kichwani siku watakapotujia waamuzi:

Mwamuzi akitujia, kwanza tumuulizeni,
Nyumba ameijulia, mlangoni au ndani,
Chokaa kaitumia, au kasoma chuoni,
Hukumu ikitimia, iwe haki mizanini.

Akijibu kwamba amesoma chuoni na chokaa ameishika pia, na tumkaribishe kwa kahawa na halua. Akijibu la kwanza tu, tusimfukuze; tumpe fundi wa kukaa naye ubavuni.